Msalimie Mama

Mugango,
14 Januari 2024

Mjukuu wangu Masatu,

Marahaba, kama umenisalimia. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, na hayo unayajua. Mwaka jana shangazi yako Hilda alinishikisha simu yake kule kwake Nyasho nikusikie, nikasikia upepo tu. Ndiyo maana naandika. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Uliniaga vibaya. Uliniaga umesimama, begi mgongoni, kama mtu wa sensa. Ukasema unakwenda Dar es Salaam kwenye masomo ya nyota, simu haziruhusiwi, barua nizipitishe kwa rafiki yako Gibson, mwalimu wa Bunda, yeye atakufikishia. Chuo kinachokataza simu sijakisikiaga, labda seminari. Lakini sawa.

Sasa sikiliza. Mama yako anakohoa tangu Krismasi. Anaficha, anakwenda kukoholea nyuma ya chanja za dagaa akidhani sioni. Mimi sisikii, lakini macho ninayo.

Na Apolinary alikuja kutoka Butiama. Hakuja kunisalimia, alikuja kutazama. Alitembea kwenye mihogo yetu mikono nyuma kama anapima. Unajua mji huu wa nyumba yetu ulivyo. Mimi nilizaa wasichana tu. Babu yako alipokufa nilitoa ng'ombe zangu mwenyewe nikamleta Dorotea kwenye nyumba yangu kwa desturi yetu ya mjane asiye na mtoto wa kiume, awe mkamwana wangu, azae kwa jina la nyumba hii. Akakuzaa wewe, nikakupa jina la marehemu. Wewe ndiye mwanaume wa mji. Apolinary ni mtoto wa shemeji yangu na jambo hilo halijawahi kumshuka kooni. Anangoja msiba tu, maana kwetu anayetupa udongo wa kwanza kaburini ndiye mwenye mji. Siku mwanaume wetu atakapokosekana, atautupa yeye, na mihogo na ufuko wa dagaa vitakuwa vyake.

Uliniahidi Pasaka utakuwa hapa. Nimeshika hilo.

Nijibu kuhusu kikohozi. Wewe umesoma, unaweza kuuliza watu.

Bibi yako,
Nyamburi

*

Dar es Salaam,
10 Februari 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, masomo yanaendelea vizuri.

Leo nataka nikusimulie jambo. Unaikumbuka ile nyota kubwa nyeupe uliyokuwa ukinionyesha tukianua dagaa, ile isiyokonyeza? Ile si nyota, ni sayari, inaitwa Mshtarii. Ina miezi mingi inayoizunguka. Mmoja wa miezi hiyo umefunikwa na barafu pande zote, na chini ya barafu wataalamu wanaamini kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zote za dunia yetu zikijumlishwa. Jua halifiki huko. Hata hivyo penye maji na joto kidogo panaweza kuwa na uhai, na huo ndio tunaoutafuta. Si watu wenye pembe kama wa kwenye sinema. Hata kitu kidogo kuliko mbegu ya mchicha kingetosha, Bibi. Kingetuambia kwamba hatuko peke yetu.

Huwa nafikiria ziwa letu nikisoma habari hizo. Nafikiria sato, furu na sangara, na kwamba pengine huko gizani kuna kitu kinaogelea kisichojua kama sisi tupo.

Msalimie shangazi Hilda. Wasalimie majirani. Msalimie mama, mwambie asibebe ndoo mbili kwa mpigo.

Mjukuu wako,
Masatu

*

Musoma,
25 Februari 2024

Masatu,

Nakuandikia nikiwa hospitali, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda cha mama yako. Wamemlaza. Wamemtoa maji kwenye pafu, wanasema watamtoa tena. Hilda analeta uji kutoka Nyasho asubuhi, mimi nalinda.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kikohozi. Hakimo. Nimekuuliza ng'ombe umenijibu mbuzi. Au huko mnafundishwa hivyo, mtu akiuliza la chini mnajibu la juu?

Lakini nilimsomea mama yako yale ya barafu. Nilisoma kwa sauti, wodi nzima ikasikiliza, maana mimi kiziwi sijui kunong'ona. Alipenda. Alicheka akashika ubavu. Akaandika kwenye kiganja changu kwa kidole, kama tunavyofanyaga, swali lake kwako: hao samaki wa gizani wana macho? Mimi nikasema macho ya nini na hakuna mwanga. Yeye akasema hapana, Mungu hawezi kumnyima samaki macho. Tukabishana mpaka muuguzi akaja. Kila asubuhi ananiuliza kama umejibu.

Na mimi nina langu. Hao mnaowatafuta, wakifa wanazikwa na nani?

Jibu la mama yako lije kwanza. Langu litangoja.

Bibi Nyamburi

*

Dar es Salaam,
10 Machi 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi ni mzima wa afya.

Leo nina habari itakayokufurahisha. Mwaka 1977, miaka ile uliyokuwa ukisoma kisomo, Wamarekani walirusha chombo kwenda mbali kupita sayari zote. Ndani yake waliweka sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia: mvua, ndege, mama anambembeleza mtoto mchanga. Na kuna salamu kwa lugha hamsini na tano, endapo kuna yeyote atakayeiokota. Kiswahili hakimo, ila Kiganda cha jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa kimo. Chombo hicho hakitarudi. Mpaka leo kinakwenda. Kikituma neno, linasafiri karibu siku nzima ndipo litufikie, ingawa linakimbia kwa kasi ya mwanga.

Ndivyo kazi yetu ilivyo, Bibi. Unatuma salamu, kisha unakuwa na subira.

Samahani, Pasaka sitaweza kuja, ratiba imebana sana. Usikasirike.

Mvua za masika zikianza, mama asiende shamba la mbali peke yake. Msalimie sana.

Mjukuu wako,
Masatu

*

Musoma,
17 Machi 2024

Masatu,

Mama yako amekufa jana Jumamosi, mchana, kabla Hilda hajafika na uji.

Yuko mochwari hapa Musoma. Nimewaambia wasimtoe mpaka uje. Apolinary keshafika kutoka Butiama na wazee, wamekaa kwangu wanakula. Wanasema Jumamosi ijayo ndiyo mwisho, hata kama wewe hujafika. Hilda amempigia simu Gibson mbele ya macho yangu, na Gibson amesema ujumbe utakufikia leo leo. Barua hii naitia kwenye basi hata hivyo, nione nimeandika.

Panda gari. Usiulize. Usijibu. Panda gari.

Nyamburi

*

Dar es Salaam,
10 Aprili 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta nyote wazima, na kwamba mmesherehekea Pasaka kwa furaha. Nawaza mama alivyopika sato wa nazi, na kichwa akanifichia kwa mazoea hata kama sipo. Mwambie kichwa hicho changu, nitakuja kukidai.

Leo nikusimulie habari za kusikiliza. Kuna vyombo mfano wa masinia makubwa vinavyosikiliza anga. Wataalamu wanatafuta sauti isiyo ya kawaida, yenye mpangilio, inayoonyesha kwamba kuna mtu upande wa pili. Wamesikiliza kwa miaka mingi sana. Mpaka leo kimya. Wengine wanasema kimya maana yake hakuna mtu. Mimi nasema hapana, huenda bado jibu liko njiani. Mtu hapaswi kukata tamaa kwa sababu hajajibiwa.

Msalimie shangazi. Msalimie mama, mwambie mwanae yupo na anamfikiria kila siku.

Mjukuu wako,
Masatu

*

Mugango,
16 Aprili 2024

Mwalimu Gibson wa Bunda,

Sikusalimii.

Jana konda wa gari la Bunda amemwachia Hilda barua. Ndani yake mjukuu wangu anamwambia mama yake amfichie kichwa cha samaki. Mama yake huyo nimemzika tarehe 23 ya mwezi wa tatu, kijiji kizima kikiwepo, yeye akikosekana.

Mimi elimu yangu ndogo lakini si mjinga. Nimezitandika barua zake tatu mezani. Zote tarehe kumi, kama mshahara wa serikali. Karatasi ya daftari moja. Kalamu moja, ile ya bluu inayovuja kwenye herufi m. Na hakuna hata moja inayojibu yangu. Nimeandika kikohozi, nikapata barafu. Nimeandika hospitali, nikapata Waganda. Nimeandika kifo, nikapata Pasaka njema.

Ama huyo mtoto amekufa na nyie mnanificha, ama yu hai na mnanicheza. Niandikie ni lipi. Ukinyamaza nitakuja Bunda, nitakaa mlango wa darasa lako, na wanafunzi wako watajua mwalimu wao ni mtu wa namna gani.

Nyamburi

*

Bunda,
20 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Masatu yu hai. Hayuko Dar es Salaam. Yuko nje ya nchi, jangwani, ndani ya nyumba iliyofungwa. Wamo watu sita. Wanaishi mle mwaka mzima kama vile wako kwenye sayari ya Mirihi. Hawatoki, hewa wanachujiwa, chakula kimepimwa, hata maneno yao yanacheleweshwa kwa makusudi, kama yanatoka huko kweli. Wanaowasimamia wanataka kujua mwanadamu atavumiliaje siku atakapotumwa kwenda kutafuta uhai huko. Walioomba walikuwa wengi mno. Alipochaguliwa alilia, Bibi, nilimwona.

Aliogopa kukuaga kwa ukweli. Alisema ungekaa mbele ya gari. Kwa hiyo kabla ya kuondoka alikaa kwangu hapa Bunda akaandika barua za mwaka mzima, moja kwa kila mwezi, akaniachia. Nikamuuliza, utaandikaje habari ambazo hazijatokea? Akasema, nitaandika nyota, zenyewe hazibadiliki. Zako akasema nimtunzie, asome akitoka. Sikuzifungua.

Lile la msiba nililituma siku ile ile kwa wasimamizi wake, na wao wakampa. Sikukudanganya. Jibu lake lilikuja kesho yake jioni. Liliandikwa: "Nimeelewa. Endeleeni na mazishi." Nilishindwa kukuletea maneno hayo. Nilishika simu kumpigia Mama Hilda nikaiweka.

Ile ya Aprili nilimpa konda kwa mazoea, bahasha ilikuwa imeshafungwa tangu Januari. Sina utetezi.

Nakuletea zilizobaki. Na zako nimezipiga picha, nimemtumia.

Nisamehe,
Gibson

*

Imepokelewa kwa Gibson, Bunda,
12 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Hii nimeiandika leo. Najua huna sababu ya kuniamini.

Waliponiambia habari za mama nilikuwa napima udongo. Tumeletewa udongo unaofanana na wa Mirihi, tunajifunza kutafuta ndani yake dalili ya kitu kilichowahi kuishi. Nilinawa mikono, nikakaa. Waliniuliza kama nataka mlango ufunguliwe. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja, jaribio limeisha kwa wote sita, na kazi ya watu wengi ya miaka mingi imepotea. Wenzangu waliacha kazi zao. Walinitazama tu. Nikasema usifunguliwe.

Watakaokwenda Mirihi kweli hawataweza kurudi kuzika. Nilijiambia hiki ndicho kipimo chenyewe, na kwamba mama angeelewa. Sasa nimesoma barua zako zote kwa mkupuo mmoja. Sikujua kama alikuwa ananiuliza kila asubuhi.

Kuhusu samaki. Hatujui kama wapo. Kama wapo, inawezekana hawana macho. Lakini kuna samaki wa kilindini duniani, mahali jua lisipofika, na baadhi yao wana macho makubwa sana. Kwa hiyo huenda mama alikuwa sahihi.

Nitatoka mwezi wa kwanza mwakani. Nakuomba unijibu. Na uniambie, nani alitupa udongo?

Masatu

*

Mugango,
Tarehe jaza mwenyewe

Masatu,

Umeuliza nani alitupa udongo. Hilo ndilo swali la kwanza umeniuliza tangu uondoke, kwa hiyo nalijibu.

Tulingoja mpaka Jumamosi ile. Nilikaa barabarani kwenye jiwe, kila gari la Musoma likisimama nanyanyuka. Hilda aliniambia mama twende, jua kali. Nikamwambia mtoto yuko njiani. Nilikuwa nakutetea, unaona. Mpaka padre akavaa.

Kaburini Apolinary alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Alisimama pale pa kichwa akauliza kwa sauti ya kunifikia hata mimi, "Mwanaume wa mji huu yuko wapi?" Watu wakaangalia chini. Hilda akalia. Apolinary akainama kuchukua udongo.

Nikamwambia, "Wewe, simama kwanza. Ng'ombe zilizomleta huyu marehemu zilitoka zizi la nani?"

Hilda alinitafsiria mdomo wake: "Lako, mama mkubwa. Lakini hayo ni mambo ya zamani."

"Aliyekwenda kwao kuposa ni nani?"

"Wewe."

"Basi umemuuliza mwanaume wa mji, na mimi hapa ndiye niliyemuoa."

Nikauchukua udongo kwa mikono yote miwili nikautupa. Apolinary akasema mwanamke hatupi udongo wa kwanza. Nikamwambia kama umekosewa, ingia uutoe. Mzee mmoja akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mazishi yakaendelea, kama ulivyotuamuru.

Kwa hiyo mji umesimama. Umesimama kwa mkono wangu, na mkono wangu una miaka yake. Nikilala mimi, Apolinary atakunja shati tena, na safari hiyo hatakuwepo wa kumuuliza habari za ng'ombe. Nimemwambia Hilda atupe yeye. Hajanijibu.

Sasa tuseme ya kwetu sisi wawili.

Sikukasirika kwa sababu ya nyota. Hilo uandike hapo ukutani mwenu. Mwanaume kwenda mbali si kosa, hata ziwani wanakwenda na wengine hawarudi. Ungekaa kwenye kigoda ukaniambia, Bibi, nakwenda kufungiwa mwaka mzima nitafute uhai, ningekutukana, ningekaa mbele ya gari siku moja, siku ya pili ningekufungia dagaa. Wewe ukaona bora unitengenezee mjukuu wa karatasi. Ukamweka Bunda awe ananisalimia kila tarehe kumi. Mimi nikamsomea mama yako maneno ya huyo wa karatasi, na mama yako akafa anamngojea. Aliniandika kiganjani asubuhi ile: amejibu? Nikamwambia ndiyo, amejibu, amesema wana macho. Akafurahi. Kwa hiyo uongo wako umenifanya na mimi kuwa muongo, mbele ya mtu anayekufa, na siombi msamaha kwa yeyote.

Unasema ulikuwa unajipima kama unaweza kuvumilia. Aliyepimwa ni Dorotea. Wewe ulikuwa umeshika saa.

Barua zilizobaki alizoleta Gibson nimezisoma zote siku moja. Nimesoma ya Julai na Julai bado. Nimesoma ya Krismasi. Umeandika vizuri ile ya Krismasi, umesema mwanga wa nyota nyingine unafika huku nyota yenyewe imeshazimika zamani, mtu anatazama juu anaona inawaka, kumbe hakuna kitu. Nikaona umenifundisha kitu.

Nimenunua daftari. Nimekuandikia barua, nyingi tu, nimempa Hilda azitunze Nyasho, awe anamletea Gibson moja moja, mimi nikiwa nimekaa au nimelala. Nimefuata ushauri wako, nimeandika yasiyobadilika: mawe ya Mugango, upepo wa ziwa, tabia ya Apolinary. Nimekusalimia kila mahali. Nimesema ni mzima.

Hii unayoishika ni mojawapo. Huenda nimeiandika juzi, na sasa hivi naanua dagaa huku nakutukana. Huenda udongo wangu umeshaota majani, na aliyeutupa ni mtu usiyempenda. Usimuulize Gibson, hajui. Usimpigie Hilda, nimemwapisha.

Mlango wenu ukifunguliwa, uje uone mwenyewe. Ukishuka barabarani usinyooke moja kwa moja nyumbani. Pita kwanza upande wa chanja, pale alipokuwaga anakwenda kukohoa. Tumemlaza hapo hapo.

Msalimie mama.

Bibi yako,
Nyamburi